*DARAJA LA MJINI LINATUHUSU, NA BARABARA ZETU ZINAIHUSU SERIKALI*



Wapo wenzetu wanaosema Daraja la Tanzanite ni la watu wa Masaki, sisi wa Mkange halituhusu. Wapo wanaosema tukihoji tunapinga maendeleo. Tawi linaona pande zote mbili zimekosea.

*Kwanza, linatuhusu.* Daraja lile la kilomita 1.03, lililozinduliwa Machi 2022 kupunguza foleni ya Selander, limejengwa kwa mkopo wa Korea Kusini. Mkopo unalipwa na Hazina, na Hazina ni kodi ya wote, pamoja na mama anayenunua sukari robo kilo hapa kijijini.

*Pili, kuhoji si kupinga.* Foleni ya Dar es Salaam inatuumiza hata sisi. Lori la mahindi likikwama mjini, gharama inarudi kwa mkulima. Lakini daraja husaidia pale tu barabara za pande zote mbili zinapopitika. Lori lililokwama kwenye tope la Mkange halifiki hata kwenye hiyo foleni.

Tuangalie Wami. Kwenye barabara ya Chalinze–Segera magari yalipita kwa zamu juu ya daraja jembamba la mwaka 1959, hadi lilipopatikana jipya la mita 513.5 mwaka 2022. Miaka 63! Foleni ya mjini kiongozi anakaa ndani yake kila asubuhi. Tope letu halioni, mpaka aambiwe.

*Tatu, tuseme sasa.* Mradi wa barabara ya Bagamoyo–Pangani–Tanga unapita kwetu, na Daraja la Pangani la mita 525 ni sehemu yake. Barabara kuu iko chini ya TANROADS; zile za kutoka mashambani ziko chini ya TARURA. Tunataka hizi za mashambani ziingie kwenye bajeti na zipitike masika na kiangazi. Bila hivyo, magari ya Tanga yatatupita tukiwa tumesimama na magunia.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Kila mwanachama ahudhurie, ajenda hii iwekwe, na muhtasari uandikwe. Maneno ya kijiweni hayaingii kwenye bajeti.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

_Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi, Mkange_