Sola nyumbani: uliza betri kabla ya paneli

Familia nyingi zinapokwenda kununua sola, iwe Njombe mjini au Makambako, swali la kwanza dukani huwa ni hili: paneli bei gani? Mzazi anayetazama mbali aulize pia: betri itadumu miaka mingapi?

Paneli nzuri hufanya kazi miaka 20 hadi 25. Baridi ya Juni na Julai haiidhuru, kwa kuwa inahitaji mwanga wa jua, si joto lake. Kinachoipunguzia nguvu ni ukungu, mawingu, vumbi na kivuli cha mti. Fundi aielekeze kaskazini, na kwa upepo wa Makambako aifunge kwenye mbao za paa, si kwenye bati peke yake.

Betri ni habari nyingine. Ile ya tindikali mara nyingi huchoka ndani ya miaka 3 hadi 5, na mapema zaidi ikiachwa iishe kabisa kila usiku. Ya lithiamu ni ghali zaidi lakini hudumu zaidi. Asiyejiandaa hujikuta ana paneli nzima juu ya paa na kibatari mezani. Akiba ya Sh5,000 kila mwezi inafika Sh240,000 kwa miaka 4.

Kwa wanaolipa kidogo kidogo, Sh1,000 kwa siku kwa miaka 2 ni Sh730,000. Uliza kwanza bei ya taslimu, kisha linganisha. Uliza pia TANESCO kama nguzo zinakuja kijijini kwenu. Ada ya kuunganishiwa umeme vijijini imekuwa Sh27,000, ingawa kutandaza nyaya ndani ya nyumba ni gharama yako.

Kibatari nacho kina bei yake. Sh500 kwa siku za mafuta ya taa na kuchaji simu ni Sh182,500 kwa mwaka. Hapo hujahesabu moshi anaovuta mtoto akisoma karibu na utambi, majeraha ya moto, wala mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda ambayo mtoto huyadhania maji. Akiyanywa, msimtapishe, mkimbizeni kituo cha afya.

Lakini kuna kazi ambayo sola ndogo haiwezi: kupasha chumba joto. Nyumba inaweza kuwa na taa safi, na bado usiku wa baridi jiko la mkaa likaingizwa chumbani, mlango na madirisha yakafungwa. Hewa yenye sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini.

Kwa hiyo fedha ya kwanza itakayookolewa kwenye mafuta ya taa inunue mablanketi mazito, na jiko libaki nje. Inayofuata iwekwe kwa ajili ya betri.