Kishale Kisimamacho Katikati ya Mang'ola

Mtu aandikaye taarifa ya vitunguu vya Mang'ola, wilayani Karatu, kwa kihariri kiitwacho Vim, atagundua kuwa mashine hailitambui jina la mahali hapo.

Vihariri vya jamii hii vina hali ya kuandika na hali ya kuamuru. Katika hali ya kuamuru, h hupeleka kishale kushoto, j chini, k juu na l kulia. Mpango huo umerithiwa kutoka vi, aliyoianza Bill Joy huko Berkeley mwaka 1976. Mashine yake, ADM-3A, ilichorwa mishale juu ya vitufe hivyo. Herufi w hukirusha kishale hadi neno lifuatalo.

Lakini neno ni nini? Kwa Vim, ni mfuatano wa herufi, tarakimu na kistari cha chini. Ritifaa haimo. Hivyo Mang'ola ni maneno matatu, na amri ya kufuta neno, dw, ikitolewa mwanzoni, huacha 'ola peke yake. Ng'ombe wa taarifa za mifugo za Ngorongoro hupatwa na yayo hayo. Kiiraqw huumia zaidi, kwani katika sarufi ya Maarten Mous (1993) mkwaju ni herufi kamili ya sauti ya koromeo: /ameeni, mwanamke. Na ma'ay, maji, hukatwa vipande vitatu.

Wengi hukimbilia W kubwa, irukayo hadi nafasi tupu. Dawa hiyo hubeba mkato na nukta pamoja na neno. Iliyo bora ni kuibadili maana yenyewe ya neno:

setlocal iskeyword+=39,47

Nambari 39 ni ritifaa, na 47 ni mkwaju. Amri hii ihusu mafaili ya insha na orodha za maneno tu. Katika programu, mikwaju hutenganisha majina ya mafaili. Aandikaye aya ndefu aongeze nnoremap j gj, ili kishale kishuke mstari mmoja wa kioo badala ya kuruka aya nzima. (Siwaungi mkono vijana wabadilio hata h, j, k na l: wakiketi mbele ya mashine ya idara nyingine, vidole vyao hupotea.)

Naona idara zetu za kompyuta zingewapa wanafunzi mistari hii miwili siku ya kwanza. Tayari wengi huandika "Mangola" na "ngombe", na sauti ya ng' inatoweka katika maandishi. Bram Moolenaar, aliyetoa Vim mwaka 1991 na kufariki mwaka 2023, aliwahi kufanya kazi Kibaale, Uganda. Aliacha mlango wa marekebisho wazi kwa kila mtumiaji.

Liko tatizo moja. Ritifaa iliyopinda, iletwayo na simu nyingi, haikubaliwi na iskeyword. Yapasa kwanza kuinyoosha katika faili zima:

:%s/’/'/g