Kuuza Nyumba si Kumfukuza Mpangaji

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, watumishi wengi wamepanga nyumba mjini humo, na biashara ya kuuza nyumba nayo imeshamiri.

Mwenye nyumba ana haki ya kuuza mali yake. Hata hivyo, haki hiyo haimruhusu kuuza miezi ambayo mpangaji amekwisha kuilipia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yamtaka amwache mpangaji anayetimiza masharti akae kwa amani, pasipo kubughudhiwa naye wala na mtu anayedai haki kupitia kwake. Mnunuzi ni mtu wa namna hiyo: anunuapo nyumba, hurithi na mkataba.

Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyomkinga mpangaji, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo ngao yake kubwa ni mkataba. Mwalimu aliyelipa kodi ya miezi sita bila hata stakabadhi atamwonyesha nini mwenye nyumba mpya?

Basi kila mmoja atimize wajibu wake. Mpangaji adai mkataba wa maandishi. Muuzaji atoe taarifa mapema, na kodi aliyoipokea ya miezi ijayo ahesabiane na mnunuzi. Mnunuzi naye, kabla ya kutoa fedha, abishe hodi na kuuliza waishio humo wana haki gani. Mtumishi asiyejua atalala wapi mwisho wa mwezi hawezi kuwatumikia wananchi kwa moyo mkunjufu.