Baiskeli Isiyo na Breki



Ndugu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu ambao huishika karatasi hii pindi jiko linapotulia, leo twaomba idhini tuzungumze juu ya baiskeli. Wapo watu wa Wasini watakaocheka na kuuliza: baiskeli na kisiwa vina udugu gani? Kisiwa chetu hakina gari wala lami. Njia zake ni mawe ya matumbawe yakatayo nyayo za viatu, sembuse tairi. Mzigo kwetu huenda kichwani, begani au kwa toroli, na safari ndefu huenda kwa mashua. Lakini mtu wa Wasini haishii Wasini. Akishavuka mkondo na kukanyaga Shimoni, baiskeli huwa chombo chake kama cha mwenzake wa bara. Watoto wetu nao wametawanyika Msambweni, Ukunda, Diani na Mombasa kwa masomo na kwa riziki, na simu ya mkononi imefanya kila mtaa wa dunia upite mbele ya macho yao.

Mama mmoja wa kisiwani ametuletea swali. Mwanawe wa kiume, ambaye ana kibarua Ukunda, alinunuliwa baiskeli nzima, yenye breki mbili, kengele, keria na madigadi. Baada ya miezi michache kijana ameving'oa vyote hivyo kimoja kimoja, amebadilisha gurudumu la nyuma, na sasa anaomba fedha za kununua rimu za rangi ya waridi. Alipoulizwa, alijibu kuwa hivyo ndivyo waendavyo vijana wa miji mikubwa. Mama auliza: ni ustaarabu gani huu wa kuanza na kitu kizima na kuishia na nusu yake?

Tumelichunguza jambo hili, na tumeona kuwa swali la mama lina uzito kuliko linavyoonekana.

Kwanza tueleze chombo chenyewe. Katika baiskeli za kawaida, mpandaji aweza kuacha kukanyaga pedali na baiskeli ikaendelea kuteleza yenyewe. Katika hizi za fasheni, jino la nyuma limefungwa moja kwa moja na gurudumu. Gurudumu likizunguka, pedali nazo huzunguka, utake usitake. Hakuna kupumzisha miguu hata kwenye mteremko. Gia ni moja tu, na mara nyingi breki hakuna. Mwenye kutaka kusimama hukaza miguu kinyume mpaka gurudumu liburuzike barabarani. Kwa lugha yetu watu wa bahari, ni chombo kilichotweka tanga na kuiacha nanga nyumbani.

Wala si uvumbuzi mpya. Baiskeli ya mnyororo aliyoiunda John Kemp Starley mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1885, ilikuwa ya namna hiyohiyo, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na namna nyingine iliyoenea. Baadaye mafundi wakaleta gurudumu liwezalo kuteleza peke yake, kisha gia za kubadilisha. Henri Desgrange, mwasisi wa mashindano ya Tour de France, hakuzipenda gia. Aliona kuwa ni za watu waliopita umri wa miaka 45, na hakika sisi tuliokwisha kuuvuka umri huo twamshukuru kwa kutufikiria. Washindani wa mbio hizo hawakuruhusiwa gia za kisasa ila mwaka 1937.

Baiskeli hizi za jino lililofungwa zilibaki na kazi yake halali uwanjani. Huko Japani kuna mashindano yaitwayo keirin, yaliyoanza mwaka 1948 katika mji wa Kokura, na baiskeli zake hazina breki. Sababu yake ina akili: uwanja ni wa duara, wote huelekea upande mmoja, na hakuna mtoto atakayekatiza njia akifuata mpira, wala bibi atokaye sokoni na kikapu. Kisha zikachukuliwa na vijana wa New York waliokuwa wakipeleka barua na vifurushi maofisini. Wengi wao walikuwa wahamiaji na watu wa kipato kidogo, nao walizipenda kwa kuwa zina vipuri vichache vya kuharibika na vichache vya kuibiwa. Walikuwa wakitafuta mkate.

Fasheni ilikuja baadaye. Kuanzia miaka ya 2000, vijana wenye nafasi katika mitaa kama Williamsburg ya New York na Shoreditch ya London waliiona baiskeli ya maskini wakaipenda, kama mtu apendavyo kiraka kwenye nguo ya mwenzake asiyekuwa na nguo nyingine. Wakaipaka rangi, wakailinganisha na soksi, wakailipia maelfu ya dola. Mwaka 2010 hivi wimbi hilo likafika Indonesia, nchi ya ndugu zetu Waislamu, na vijana wa Jakarta wakajaa barabarani na rimu za rangi zote za peremende.

Tukiri kuwa tulipoonyeshwa picha za waungwana hao, mara ya kwanza tuliwadhania jamaa wa tablighi. Ndevu ni ndefu kuliko zetu, na suruali zimekunjwa juu ya vifundo vya miguu kama yapendezavyo mafundisho. Tukasema: Alhamdulillahi, dini imeingia London! Kumbe ndevu ni za fasheni, na suruali imekunjwa isinaswe na mnyororo, maana kifuniko cha mnyororo nacho kimeng'olewa. Twaambiwa pia kuwa jamaa hao wana ufundi mkubwa wa kusimama kwenye taa za barabarani bila kuteremsha mguu, wakiyumba mbele na nyuma kama dau lililofungwa kamba. Kisha huenda kunywa kahawa ambayo huichukua robo saa kudondoka tone kwa tone. Muuza kahawa tungu wa kwetu, mwenye dele lake na vikombe vyake, angekuwa amekwisha kuhudumia baraza nzima na kurudi kwake.

Yote haya ni mzaha, na mzaha usio na uongo wala matusi haukukatazwa. Lakini lipo jambo lisilo mzaha.

Mwezi Februari mwaka 2016, mjini London, kijana wa miaka 18 akiwa juu ya baiskeli ya namna hii, isiyo na breki ya mbele, alimgonga mama wa watoto wawili aliyekuwa akivuka barabara. Mama yule alifariki baada ya wiki moja. Sheria ya nchi ile haimzuii mtu kupanda baiskeli ya jino lililofungwa, ila yamtaka awe na breki mbele anapokuwa barabarani. Mwaka 2017 mahakama ilimfunga kijana yule miezi 18, kwa sheria ya mwaka 1861 iliyotungwa zama za magari ya farasi. Kifungo kilikuwa na mwisho wake. Watoto wawili hawakurudishiwa mama.

Hapa ndipo tunapomjibu mama yetu. Mwanao hakufanya kosa kupenda baiskeli, wala kupenda kitu kizuri. Ila yapo mambo matatu ambayo ungemkumbusha.

La kwanza ni breki yenyewe. Imepokewa na Tirmidhi kuwa mtu mmoja alimuuliza Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, iwapo amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Akaamrishwa amfunge, kisha ndipo ategemee. Kijana anayesema kuwa miguu yake yatosha na Mungu atamlinda, naye ameing'oa breki kwa mkono wake mwenyewe, amemfungua ngamia kisha anadai ana tawakkul. Na barabara ya Ukunda si uwanja wa duara. Ina tuktuk, bodaboda, mbuzi, na watoto watokao chuoni na misahafu kifuani. Njia ina haki zake, kama tulivyofundishwa, na mojawapo ni kuzuia madhara yasimfikie mwingine.

La pili ni kuonekana. Wanachuoni wametuhadharisha na vazi la umashuhuri, yaani lile livaliwalo ili watu wageuze shingo, nayo ni hadithi iliyomo kwa Abu Daud. Haliwi vazi tu. Baiskeli yaweza kuwa vazi, simu yaweza kuwa vazi, hata mavazi duni yaweza kuvaliwa kwa kiburi. Na Luqman, katika nasaha zake kwa mwanawe, alimkataza kutembea kwa maringo juu ya ardhi. Hatudhani kuwa kutembea kwa pedali kumetolewa katika katazo hilo.

La tatu ni israfu. Wazee wetu waliipanda ile baiskeli nyeusi na nzito ambayo Wakenya wameibandika jina la Black Mamba. Nayo ina gia moja tu! Kwa hiyo fasheni anayoililia kijana, babu yake alikuwa nayo bure. Tofauti ni kuwa ya babu ilikuwa na keria, na keria ile imelisha watu. Kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, keria ilibeba abiria tangu miaka ya 1960, na ndiko lilikotoka jina la bodaboda. Huku kwetu pwani imebeba matenga ya samaki, madumu ya maji, madafu na magunia ya makaa. Kung'oa keria na kuweka rimu za waridi ni kumfukuza mfanyakazi na kumwajiri mpambe.

Lakini, enyi akina baba, kabla hatujamaliza kumcheka kijana huyu, tujitazame na sisi. Kijana wa kiume akipita na baiskeli isiyo na breki, baraza humtazama na kutabasamu. Binti akipita na baiskeli nzima, yenye breki na kengele, akienda shule au akimpelekea mamake dawa, baraza hiyohiyo hukohoa. Kwa nini? Katika Bukhari na Muslim, Mtume aliwasifu wanawake wa Kikureshi kuwa ndio bora wa wanawake wapandao ngamia, kwa huruma yao kwa watoto na uangalifu wao katika mali ya waume zao. Kupanda kwao hakukuwatia dosari, bali kumetajwa ndani ya sifa. Ngamia yu juu zaidi ya baiskeli, na humrusha mtu zaidi.

Sharti ni stara na salama, na kwa hayo chombo cha zamani kinatosheleza. Ipo baiskeli yenye fremu iliyoinama katikati, ambayo mwanamke huipanda bila kuinua nguo. Kifuniko cha mnyororo, kile ambacho waungwana wa Shoreditch hukitupa, ndicho kizuiacho buibui lisinaswe. Madigadi huzuia tope lisiruke mgongoni. Kila kilichong'olewa kwa ajili ya fasheni ya kijana ndicho ambacho dada yake anakihitaji. Katika vijiji vyetu vya Kwale wapo mabinti waendao shule kwa miguu mwendo mrefu, wakifika jua limekwisha kuwachosha kabla ya somo la kwanza. Wengine huacha njiani, na kisha sisi husema kuwa hawakuwa na ari. Huenda walikosa magurudumu mawili tu, na ruhusa ya baraza.

Kwa hivyo, mama yetu, usimgombeze mwanao mbele ya wenzake, maana nasaha hadharani ni fedheha. Mwite faraghani, umpikie akipendacho, umwambie arudishe breki kabla hajarudi tena barabarani. Akitaka ufundi wa kuburuza gurudumu, viwanja vipo, na mchezo usiomdhuru mtu ni halali. Na zile fedha za rimu za waridi, kama unazo, ziongezee kidogo kidogo umnunulie dadake baiskeli. Kisha umwagize huyohuyo kaka amfundishe kuipanda, naye ashike nyuma ya keria mpaka mwendo wake utulie. Atakapokimbia nyuma ya dadake akihofia asianguke, atajua mwenyewe thamani ya breki.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu, wa kike na wa kiume, katika kila njia waipitayo, ya nchi kavu na ya maji. Amin.

Wabillahi tawfiq.