Mchezaji achanjwe, tena tukimwona

Desemba 2021 Simba walikuwa wacheze na Kagera Sugar pale Kaitaba, Bukoba. Mchezo haukuchezwa. Wachezaji wengi wa Simba walikuwa hoi kwa mafua na homa, Bodi ya Ligi ikaahirisha, na pambano likaja kupigwa Januari 26, 2022, siku ambayo Hamis Kiiza aliwafungia Kagera bao pekee. Hapa Mahege, wilayani Kibiti, watu walibishana mpaka mate yakawakauka. Wengine walisema Simba wamebebwa, wengine wakasema mgonjwa hachezeshwi. Swali ambalo kwangu lilikuwa la kwanza halikuulizwa na mtu: wale vijana walikuwa wamechanjwa?

Nauliza kwa sababu kazi zangu mbili zinakutana hapo. Jioni nafundisha mpira vijana wa kata yetu, kwenye uwanja wenye magoli ya miti ya mikoko iliyoletwa kutoka delta. Asubuhi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii: napita nyumba kwa nyumba, natazama kadi za watoto, nawakumbusha kina mama tarehe ya sindano, nawafuata waliokimbia. Vijana wananiita Kocha. Kina mama wananiita Daktari, ingawa kila mara nawaambia mimi si daktari.

Nasema bila kupepesa macho: mchezaji anayelipwa mshahara kwa kucheza mpira alipaswa kuchanjwa dhidi ya Uviko mara chanjo ilipofika nchini. Na siku ugonjwa mwingine wa namna ile ukitufikia, achanjwe mapema, na achanjwe mahali tunapomwona. Wapo watakaosema habari hiyo imepita, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba dharura imekwisha. Ni kweli. Lakini CAF imezipa Tanzania, Kenya na Uganda AFCON ya 2027, na mabishano haya hayafai kuanza siku ugonjwa umeshaingia kambini.

Tukumbuke ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, na kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akasimamisha shule na michezo, ligi ikiwemo. Ligi ilirudi Juni 13. Katikati ya hapo takwimu zilisimama kutolewa zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na sisi vijijini tukabaki na nyungu na dua. Mwanzoni mwa 2021 tulizika wazee ambao matangazo ya misiba yao yalisema walipata changamoto ya kupumua. Februari 17 tukampoteza mwanasiasa wa Zanzibar, Maalim Seif, ambaye chama chake kilikuwa kimeshatangaza wazi kwamba anaugua Uviko. Chanjo za kwanza za Janssen, dozi 1,058,400, zilifika Julai 24, 2021. Siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa Ikulu, Dar es Salaam, televisheni ikionyesha.

Nilidhani kazi yangu sasa imerahisishwa. Wazee kadhaa walikuja, hasa waliozika wenzao. Vijana hawakuja. Nilipowafuata uwanjani, beki wangu wa kulia aliniambia: "Kocha, mimi mtaji wangu pumzi. Wakinichoma hiyo sindano pumzi ikapungua, nani atanilipa?" Mwenzake akaongeza habari ya nguvu za kiume, wote wakacheka, lakini hawakuwa wanatania. Walinionyesha kwenye simu video ya askofu aliyekuwa akiipinga chanjo. Walinionyesha mtu aliyebandika sarafu begani ikashika, eti amewekewa sumaku. Mchezaji anayesema "mimi nimechanjwa, na jana nimecheza dakika tisini" hakuwemo katika simu hata moja.

Watu wa mjini wakisikia hivyo husema watu wa Kibiti ni wagumu wa kuelewa. Siwakubalii. Mwaka 2017 wilaya hii ilikuwa imekaa katikati ya mauaji ya viongozi wa vijiji na askari, na watu walijifunza kutotaja majina yao kwa mgeni. Miaka minne baadaye anakuja mgeni na daftari, anataka jina, umri, namba ya simu na sahihi kwenye fomu ya ridhaa. Mama mmoja aliniuliza kwa nini asaini kama dawa ni salama. Nilimweleza, akanisikiliza kwa adabu, kisha akaenda shambani kwake. Anayeweza kuivuka hofu ya namna hiyo ni mtu ambaye tayari anaaminika ndani ya nyumba, na vijana wa hapa, baada ya wazazi wao, wanamwamini mshambuliaji wa Simba au kiungo wa Yanga. Jezi yake wanailalia.

Sasa suala la pumzi, maana ndilo zito kwa mchezaji, na nalichukua kama zito. Joshua Kimmich wa Bayern Munich alisema hadharani Oktoba 2021 kwamba hajachanjwa kwa kuhofia madhara ya muda mrefu. Novemba akapata Uviko. Desemba mapafu yake yalikuwa bado na dosari, madaktari hawakumruhusu kufanya mazoezi makali, mechi zote zilizobaki za mwaka ule zikampita, na mwenyewe akasema atachanjwa. Huyo alikuwa kijana wa miaka 26, mkimbiaji kweli kweli, mwenye daktari, vipimo na chakula ambavyo mchezaji wa ligi yetu havioni. Niliwasimulia vijana wangu habari ile mara nyingi kuliko hotuba yoyote ya wizara, kwa sababu Kimmich wanamjua.

Wao nao walikuwa na jina la kunijibu: Christian Eriksen, aliyeanguka uwanjani Juni 12, 2021, Denmark ikicheza na Finland. Uvumi ulisema ni chanjo. Mkurugenzi wa Inter, klabu yake ya wakati ule, Giuseppe Marotta, alisema wazi kwamba Eriksen hakuwa amechanjwa. Uvumi ulifika Mahege siku ileile. Jibu la Marotta nililileta mimi, na wengine waliendelea kuamini uvumi.

Lakini siwezi kumtaka mtu aniamini huku nikimficha mambo. Chanjo za Pfizer na Moderna zimewahi kuwaletea watu wachache uvimbe wa misuli ya moyo, zaidi vijana wa kiume, na wengi wao walipona. Janssen, ile tuliyoletewa kwanza, imewahi kusababisha damu kuganda, kwa nadra sana. Mchezaji ana haki ya kuambiwa hayo na daktari wa timu, uso kwa uso, kabla hajakunja mkono wa shati. Aambiwe pia kwamba Uviko wenyewe huushambulia moyo. Kwenye AFCON ya Cameroon, Januari 2022, wachezaji watatu wa Gabon, Pierre-Emerick Aubameyang akiwa mmoja wao, walizuiwa kucheza baada ya kuugua Uviko na vipimo vya moyo kuleta wasiwasi. Na chanjo haizuii kabisa kuambukizwa, hasa kilipokuja kirusi cha Omikroni. Inachozuia vizuri ni kuugua vibaya. Kwa kijana mwenye afya faida yake mwenyewe ni ya kiasi, sitaitia chumvi, na leo sidai achomwe kila mwaka. Ila mchezaji hachezi peke yake. Analala kambini, anapanda basi moja na wenzake ishirini na zaidi, anakumbatiwa akifunga, kisha anarudi nyumbani kwa bibi yake.

Mashindano yale ya Cameroon ndiyo yaliyonipa mfano ninaoupenda na unaoniuma. Januari 24, 2022, saa nne usiku kwa saa zetu, kibanda umiza kilijaa kuitazama Komoro ikicheza na wenyeji. Karibu wote tulikuwa Wakomoro usiku ule. Majina ya wachezaji ni ya kwetu, Salim, Ali, Youssouf, na bahari ni ileile. Timu ya visiwa vidogo, mara ya kwanza kufika AFCON, ilikuwa imeitoa Ghana kwa mabao 3-2. Halafu ikafika mechi ya maisha yao, na watu 12 wa msafara wakawa na Uviko. Kipa Salim Ben Boina alikuwa ameumia bega. Kipa mwenzake, Ali Ahamada, alikuwa na Uviko, na hata alipopimwa akaonekana hana, masharti ya karantini yakamzuia. Golini akasimama Chaker Alhadhur, beki wa kushoto, mgongoni kwa jezi ya kipa wamembandikia namba 3 kwa utepe. Dakika ya saba nahodha wao Nadjim Abdou akapewa kadi nyekundu. Na bado Alhadhur aliokoa mipira ambayo makipa wa kazi huiachia, na Youssouf M'Changama akapiga mpira wa adhabu kutoka mbali sana uliotufanya tusimame sote. Walifungwa 2-1 tu.

Sisemi chanjo ingemrudisha Ahamada golini. Hilo hakuna wa kuliapia. Ninachosema ni kwamba tuliona kwa macho jinsi ugonjwa wa watu wachache unavyoiondolea nchi nzima kitu ilichokisubiri tangu ipate uhuru mwaka 1975. Timu isiyofanya kila linalowezekana kupunguza hatari hiyo inawadhulumu watu wake.

Wanaopinga hunijia na hoja ya mwili: mwili ni wa mchezaji, si wa klabu. Naiheshimu, na ndiyo maana sitaki polisi wala sheria ya kumshika mtu mkono. Serikali ilisema chanjo ya Uviko ni hiari, na ilisema sawa. Lakini Februari 2021 Simba walikwenda Kinshasa, wakaifunga AS Vita 1-0, na Kongo haimpokei msafiri asiye na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hakuna aliyeandamana. Hakuna aliyesema kadi ile ya njano imevunja haki yake. Mchezaji huyohuyo hupimwa moyo, hupimwa mkojo kwa dawa zilizokatazwa, hupangiwa usingizi na chakula. Mwili wake umo kwenye mkataba tangu siku anasaini. Chanjo ya ugonjwa unaoenea kambini ina haki zaidi ya kuwemo humo kuliko nusu ya masharti yaliyopo, na mwenye sababu ya kiafya alete barua ya daktari aachwe.

Na swali la beki wangu, nani atanilipa, linastahili jibu la maandishi. Klabu inayomtaka mchezaji achanjwe iandike kwamba akipata madhara itamtibu na mshahara utaendelea. Hapo ndipo nawalaumu wakubwa wa mpira wetu. Ni rahisi kumtaka kijana awe jasiri. Kumbebea hatari yake ni gharama.

Kuhusu kuchanjwa hadharani, nina mtu mmoja wa kumtaja. Mwaka 1977 huko Merka, pwani ya Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin alipata ndui. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa ule kwa njia ya kawaida, na baadaye akatembea nchini kwake akiwahimiza wazazi wawachanje watoto polio, akiwasimulia yaliyompata. Walimsikiliza kwa sababu walimjua na hadithi ilikuwa yake. Mchezaji anajulikana zaidi ya huyo kabla hata hajafungua mdomo.

Kila mwaka kuna Simba Day na Wiki ya Mwananchi, na Uwanja wa Mkapa unajaa watu elfu sitini. Nataka siku hizo liwepo banda la chanjo, wachezaji wawe wa kwanza kwenye foleni, kamera ziwepo. Kama hakuna mlipuko, wachanjwe homa ya manjano au homa ya ini, ambazo mchezaji msafiri anazihitaji hata hivyo. Na timu za wanawake, Simba Queens na Yanga Princess, zisiachwe nyuma, maana mimi sasa hivi kazi kubwa ninayohangaika nayo hapa kwetu ni chanjo ya HPV ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi. Ilianza kutolewa nchini 2018, na mwaka 2024 ikaanza kutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kina baba wananiambia itawafanya binti zao wagumba. Nimeshawajibu kwa maneno yote niliyo nayo. Wawili kati ya mabinti hao wanacheza mpira kwenye uwanja wangu, na ukiwauliza wanataka kuwa kama nani, watakutajia wachezaji wa timu hizo mbili kwa majina na namba za jezi.