Kizuri Nacho Hutembezwa

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapana shaka msemo huo umewaponza vijana wengi wanaoanzisha kampuni. Hujifungia ofisini wakiipamba bidhaa yao, kisha wakangoja wanunuzi wasiotokea, hata mtaji ukateketea.

Historia ya Airbnb, kampuni ya Marekani inayowaunganisha wasafiri na wenye vyumba vya kupangisha, yafundisha vingine. Ilikuwa mwezi Oktoba 2007, Brian Chesky na Joe Gebbia walipokabiliwa na kodi ya nyumba wasiyoimudu mjini San Francisco. Mkutano wa wasanifu ulikuwa umejaza hoteli. Wakatandika magodoro ya upepo nyumbani mwao, wakapata wageni watatu, kila mmoja akilipa dola 80 kwa usiku. Mwaka 2009, biashara ikiwa bado inasuasua, walifunga safari hadi New York, wakabisha hodi kwa wenye nyumba, wakavipiga picha vyumba vyao na kusikiliza malalamiko yao. Ndipo mapato yalipoanza kupanda.

Mteja wa kwanza, basi, hufuatwa alipo, na hutozwa tangu siku ya kwanza. Sifa za jamaa na marafiki hazigharimu kitu, wala hazithibitishi kitu. Fedha itokayo mfukoni mwa mgeni ndiyo ushahidi.

Mwalimu anayewaandaa vijana kujitegemea hana budi kuwaeleza ukweli huu: kizuri huanza kujiuza baada ya mwenyewe kukitembeza.