Wazee wa New York, sanamu za bustanini na kiwanja cha nusu ekari

Wadau, habari za Zohran Mamdani mnazo. Kazaliwa Kampala mwaka 1991, baba yake ni Profesa Mahmood Mamdani, yule aliyefundisha Mlimani Dar es Salaam miaka ya 70. Aliposhinda umeya wa New York Novemba 2025 watu huku walishangilia utafikiri kashinda diwani wa kata yao. Poa. Lakini kabla hata hajaapishwa alishapigwa chenga moja ya nguvu, na chenga yenyewe inahusu nyumba za wazee. Hii stori haikuvuma sana huku kwetu, ndiyo maana naileta.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mzee wa Kimarekani asiye na kitu hategemei sana kukaa sebuleni kwa mwanae kama tulivyozoea sisi. Anapanga chumba, na pensheni ya serikali haiwezi kupambana na kodi za New York. Mwaka 2016 shirika la LiveOn NY lilikadiria kwamba wazee zaidi ya 200,000 jijini humo wamejiandikisha kusubiri nyumba za bei nafuu, na kusubiri kwenyewe ni miaka saba kwa wastani. Sasa mtu ana miaka 75 unamwambia asubiri miaka saba… jamani!

Serikali kuu ilikuwa na mpango wa kujenga nyumba hizo tangu 1959, ila kuanzia 2012 pesa za majengo mapya zikakatwa kwa miaka kadhaa. Jiji likabaki na silaha yake kubwa: sheria ya matumizi ya ardhi. Hiyo ndiyo inayosema wapi pajengwe nini, ghorofa ngapi, na (hapa ndipo penye kichekesho) nafasi ngapi za kuegesha magari.

Sheria kubwa iliyokuwa ikitumika ni ya 1961, enzi ambazo gari lilikuwa ndiyo maisha. Kwa hiyo maeneo mengi, ukitaka kujenga jengo la wazee masikini, sheria ilikulazimisha utenge na sehemu ya magari. Magari ya nani? Bibi wa miaka 80 anayepanda basi na treni! Matokeo yake unakuta jengo limejaa wazee, na pembeni kiwanja cha lami kitupu, huku wazee wengine kwenye foleni wakiambiwa hakuna nafasi ya kujenga. Na kama ardhi ni finyu inabidi uchimbe maegesho chini ya jengo, gharama inapaa, mradi unakufa kwenye makaratasi.

Machi 22, 2016, wakati wa Meya Bill de Blasio, Baraza la Jiji lilipitisha mabadiliko. Jengo la wazee wa miaka 62 na kuendelea, wenye kipato cha chini, likiwa kwenye maeneo yenye usafiri mzuri wa umma halidaiwi tena maegesho. Majengo ya zamani nayo yakaruhusiwa kutumia vile viwanja vya lami kujengea nyumba nyingine za wazee. Na majengo ya aina hiyo yakapewa ruhusa ya kupanda juu zaidi kidogo kuliko ya kawaida. Mimi naona hiyo ya maegesho ndiyo ilikuwa akili kubwa kuliko yote, maana serikali haitoi hata senti, inafuta tu kifungu na ardhi inapatikana.

Mnadhani wananchi walipiga vigelegele? Thubutu. New York ina kamati za mitaa 59 ambazo hutoa ushauri tu, na nyingi zilikataa. Hoja zilikuwa majengo marefu yataharibu sura ya mtaa, na magari yetu tutaegesha wapi. Kila mtu anawapenda wazee, ila wajengewe mtaa wa pili.

Sasa njoo kwenye kiwanja chetu. Kiko Manhattan ya chini, Mtaa wa Elizabeth, kati ya Prince na Spring, ukubwa kama nusu ekari. Ni mali ya jiji. Zamani palikuwa na shule. Mwaka 1991 mfanyabiashara wa vitu vya kale, Allan Reiver, alikipangisha kwa mkataba wa mwezi hadi mwezi, akapanda miti na kujaza sanamu zake za mawe. Kwa miaka mingi ukitaka kuingia ilibidi upitie dukani kwake. Baadaye pakafunguliwa kwa watu wote, na tuwe wakweli, ni pazuri, na mtaa ule hauna miti mingi.

Wazo la kujenga hapo nyumba za wazee lilianza 2012 kwa diwani wa eneo hilo, Margaret Chin. Mpango ukapewa jina Haven Green: nyumba 123 za chumba kimoja kimoja, kila moja na jiko na choo chake, 37 kati ya hizo kwa wazee waliowahi kukosa makazi, na sehemu ya wazi kwa umma ibaki. Baraza likapitisha Juni 2019. Yaani kibali cha matumizi ya ardhi kilikuwepo na wajenzi walikuwepo!

Kisha kesi. Watetezi wa bustani walidai tathmini ya mazingira haikutosha. Wakashinda 2022, wakashindwa rufaa 2023, na Juni 2024 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikalipa jiji ushindi. Hapo wakaingia mastaa: Robert De Niro, Martin Scorsese na Patti Smith wote waliandika barua kwa Meya Eric Adams kuitetea bustani. Wale wa kwenye foleni hawana staa wa kuwaandikia barua, na wala hawajui kama ni wao wangepata vile vyumba. Hapo ndipo siasa yake ilipo, mwenye kupoteza bustani anajijua, mwenye kupoteza nyumba hajijui.

Juni 2025 Adams akageuka. Naibu wake Randy Mastro akafanya makubaliano na diwani mpya, Christopher Marte, ambaye tangu mwanzo hakuutaka mradi ule: bustani ibaki, na Marte aunge mkono kubadilisha matumizi ya ardhi kwenye viwanja vingine vitatu, nyumba zaidi ya 620. Ukisikia 620 dhidi ya 123 unasema mbona dili zuri! Ila fimbo ya mbali haiui nyoka. Zile 123 zilikuwa na kibali mkononi na zilikuwa za wazee. Hizi nyingine zinaanza mchakato upya, na Haven Green ilitufundisha mchakato huo unaweza kula miaka mingapi. Isitoshe, nani kasema ilikuwa lazima kuchagua? Viwanja vyote vinne vingejengwa. Oktoba 2025 wajenzi wa Haven Green wakalishtaki jiji.

Mamdani kwenye kampeni alisema ataiondoa bustani ajenge. Basi Novemba, Adams akiwa njiani kutoka, serikali yake ikakitangaza kiwanja kuwa hifadhi rasmi ya jiji. Kwa sheria za New York, ardhi ikishakuwa hifadhi huwezi kuibadilisha mpaka Bunge la jimbo lipitishe sheria. Barua moja tu! Mamdani mwenyewe alikiri kwamba baada ya hapo kujenga ni karibu haiwezekani.

Na angalieni hili. Novemba hiyohiyo wapiga kura walipitisha mabadiliko ya katiba ya jiji: njia ya haraka kwa nyumba za bei nafuu, na chombo cha rufaa cha watu watatu (meya, spika wa baraza na rais wa wilaya husika) kinachoweza kupindua uamuzi wa Baraza la Jiji likikataa mradi wa aina hiyo. Kwa mazoea madiwani humfuata mwenzao wa eneo husika, kwa hiyo mtu mmoja kama Marte alikuwa na turufu. Turufu hiyo sasa imepungua makali, lakini kwa Mtaa wa Elizabeth dawa imekuja mgonjwa kashazikwa. Mzee aliyejiandikisha na miaka 70 mwaka ule wa 2012, kama yupo hai, Novemba 2025 alikuwa na 83.